Mguu wa Kulia

Tangu mke wangu afariki, hakuna anayebisha hodi kwangu hapa Tabora. Nimebaki na yoga ya kwenye simu. Magoti yanalia kama kitanda cha kamba, lakini angalau ipo sauti ya kunielekeza.

Jana alasiri nilikuwa nimeinama, paji la uso mkekani, simu imenyamaza. Jirani yangu, Mzee Ramadhani, akachungulia mlangoni, akadhani nasali. Akavua kandambili, akakaa kunisubiri.

Mimi, miaka sijasali! Ila nikiinuka atasema kilichomleta, aondoke. Nikabaki vilevile, nasikiliza pumzi ya mtu mwingine nyumbani mwangu.

“Mashallah,” akanong’ona, “Juma karudi kwa Mola wake.”

Simu ikadakia: “Sasa inua mguu wa kulia juu.”

Nami, kwa mazoea, nikauinua.