Sauti Waliyoingojea

Amefariki mwenzangu wa meza ya jirani. Habari ilinifikia kwa simu, na kwake yeye sioni ingenifikia kwa njia gani nyingine. Dada yake alinipigia kutoka mtaani kwao Bwiza, akasema maneno machache, akakata. Aliugua siku chache tu. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnaujua ulimi wangu, kwa hiyo hamtashangaa nikisema kwamba machozi yalichelewa, na kilichotangulia kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu akiwa hai, na hata msibani kwake nilimwonea.

Kabla sijaanza kuandika safu hii, tulikuwa wapokeaji wa simu katika kampuni moja ya mawasiliano hapa Bujumbura, upande wa Kiswahili. Asiyeijua kazi ile hudhani ni ya kukaa na kuongea. Ni kazi ya kutukanwa na mtu usiyemwona, kisha umshukuru kwa kupiga. Mtandao ukipotea Ruziba, kule kando ya ziwa, wewe ndiye uliyeuficha. Vocha ikikwama, mwizi ni wewe. Na shefu, msimamizi wetu, yuko mahali anasikiliza, anapima umeongea kwa muda gani, maana pale simu ndefu ilikuwa dhambi. Zangu zilikuwa fupi. Mimi ni mtoto wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nacho, Kiswahili nilikisomea, nikakipenda, nikakipiga pasi. Yeye alikuwa binti wa fundi makanika wa Bwiza, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimechanganyika Kirundi na Kifaransa. Shefu alinisifu mimi. Wateja walimtaka yeye.

Siri yake haikuwa kubwa, na ndiyo maana ilinichoma. Mteja akilalamika kuhusu mtandao, tulifundishwa kumwambia: zima simu, kisha uiwashe. Watu wetu ni watiifu. Wanazima palepale, simu ileile wanayoongea nayo, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye mashine ya shefu ilionekana kwamba tatizo limekwisha upesi. Mwenzangu alianza kwa kuuliza. "Mama, uko unapiga na simu gani? Njo hiyo yenye iko mugonjwa? Basi usizime kwanza, tuongee." Akamweleza mpaka mwisho, na njiani akawa amejua mtoto wa mama yule anaumwa nini na ziwa limeamkaje leo. Shida ikirudi, mama naye alirudi, na hapo ndipo ulipokuwa uchungu wangu. Mashine humpa simu yeyote aliye huru. Wateja wake wakisikia "Karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti yangu, wanakata. Wanapiga tena, na tena, mpaka wampate. Mchana kutwa nilikatiwa simu na watu waliokuwa wakimtafuta jirani yangu, naye yuko hapo, kiwiko kwa kiwiko na mimi, anacheka nao.

Siku moja mlinzi alipanda kutuambia kuna mama wa Ruziba ameleta zawadi. Jina la anayemtafuta halijui, kwani tulikatazwa kutaja majina yetu kwa wateja. "Anataka ule wa Kiswahili," mlinzi akasema. Nilisimama mimi. Nilinyoosha hata kola ya shati. Mama alikuwa mlangoni na beseni la samaki, mikeke ya asubuhi ileile, imefunikwa kitambaa. Nikasema, "Karibu sana, mama," na kabla sijaendelea akawa anatikisa kichwa. "Apana, si wewe. Mi natafuta ule mwenye kuulizaka." Nikapanda ngazi kumwita. Walikumbatiana kama watu waliokua nyumba moja. Jioni mwenzangu alinipa mikeke miwili. "Kaka, usinune, beba ukakaange." Nilinuna, nikabeba, nikakaanga. Ilikuwa mitamu, na hilo nalo liliniuma.

Baadaye kampuni ilitafuta sauti ya kurekodi, ile inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali subiri. Wakanichagua mimi, kwa Kiswahili changu kilichonyooka. Nilitamba wiki nzima. Nilijiambia sasa mji wote utanisikia, na anayetaka kumfikia yeye atapitia kwangu, apende asipende. Niliacha kazi, sauti ikabaki. Yeye alibaki pia, hadi alipougua. Siku hizi kila ofisi ina sauti kama yangu. Mtu anapiga na shida yake kifuani, tunampa namba za kubonyeza, na tunaita hayo maendeleo. Ni sauti safi, haina kosa hata moja la lugha, na haikuulizi habari zako. Nilitamani kusikika na nikasikika.

Juzi ilisomwa hitima yake, Bwiza. Mama wa Ruziba alikuwepo. Tangu siku ya lile beseni alikuwa mtu wa nyumba ile. Nilimpa pole. Akasimama, akanikazia macho.

"Hii sauti naijua."

Nikadhani ananikumbuka pale mlangoni.

"We njo ile yenye kutuambiaka 'tafadhali subiri'."

Nikakubali, nikangoja matusi, maana wengi wakijua hunitukana.

"Nilikuwa naipenda sana," akasema, nami nikafurahi, msibani, Mungu anisamehe. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Nikisikia we, najua yeye iko karibu."

Wivu wangu haujafa naye. Ila sasa najua ninachomwonea. Nilidhani ni ile sauti yake, kumbe ni lile swali lake la kwanza, ambalo hata mimi ningeweza kuliuliza bila kulipia chochote. Wahenga wametuachia neno kwamba kuuliza si ujinga, nasi tumelifanya neno la wanafunzi, tukasahau kwamba hata mwenye majibu linamhusu. Ukitaka watu wakungoje, waulize kwanza, kisha nyamaza uwasikie. Jana niliipiga ile namba ya kampuni, upande wa Kiswahili. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, kwa lugha nzuri, ikiniomba nisubiri. Nilisubiri kidogo kwa mazoea, halafu nikakata.