Kaka Yangu Anaamini Mfumo Wake Ndio Uliotupa Ushindi

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako, maana huku Ngara tunajuana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, naishi Mabawe, nalima na kushona nguo. Pia ni nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo. Najua wengine mtashangaa kwamba mchezo huo upo huku. Tulifundishwa na mwalimu wetu wa sekondari, na tulipomaliza shule tukaendelea wenyewe, magongo mengine tukachongewa na fundi seremala. Tulicheza kirahisi tu. Ukimwona mwenzako yuko wazi unampa, ukiliona goli unapiga. Na tulikuwa tunashinda.

Mwalimu alipohamishwa, kaka yangu mkubwa akaichukua timu. Huyu kaka ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, na aliacha shule ili mimi nisome. Kabla ya kuanza alikwenda Mwanza kwenye mafunzo ya ukocha ya wiki mbili, akarudi na daftari limejaa michoro. Akakigawa kiwanja katika vyumba ishirini, kila chumba na namba yake. Yeye anasimama pembeni ananyanyua kitambaa cha njano, kijani au chekundu. Ukiwa chumba cha saba na kitambaa ni cha kijani, mpira unarudi kwa beki. Kikiwa cha njano, unaupeleka chumba cha kumi na mbili, hata kama hakuna mtu. Mazoezini tukawa tunakariri kuliko kukimbia. Ukikosea anakutoa nje, unazisoma namba zote kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili.

Tukafungwa mechi tatu mfululizo. Ile ya tatu tulicheza na timu ya Kaniha. Jenesta, mshambuliaji wetu, alibaki yeye na kipa tu. Akasimama, akageuka kukitafuta kitambaa. Beki wao akaja kwa kasi kuuwahi mpira, gongo likampiga Jenesta mkononi na kumvunja vidole viwili. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Goli nililiona, nahodha. Ila nikakumbuka chumba kile siruhusiwi kupiga." Nilipomweleza kaka, akajibu, "Angekariri vizuri asingeumia." Kauli hiyo iliniuma.

Mechi iliyofuata ilikuwa Nyakisasa. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili bila. Kaka alipokwenda kuongea na mwamuzi, nikawaita wenzangu nyuma ya goli nikawaambia, "Msikitazame kitambaa. Chezeni kama zamani." Tukayarudisha yote mawili na kuongeza la tatu. Kaka alilia pale uwanjani, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama sikumwona akitoa chozi. Akanikumbatia, "Nilijua mtanielewa tu, mdogo wangu." Nikashindwa kumwambia. Tulipofika nyumbani akaanza na mama mkubwa tunayeishi naye, hata kukaa hajakaa: "Shikamoo mama. Leo watoto wameushika mfumo." Mama mkubwa akaitikia marahaba, akamsifu sana, na mimi nimekaa hapo hapo natazama chini.

Sasa vyumba vimekuwa thelathini na ameongeza filimbi. Mwezi ujao tuna mashindano Biharamulo. Wenzangu wameandika barua kwa kamati ya michezo wakitaka aondolewe, na wameeleza wazi kwamba Nyakisasa tulishinda kwa kutomtii. Jenesta amesaini kwa mkono wa kushoto. Wanataka na mimi nisaini, na kipa wetu ameniambia, "Usiposaini, sisi tutasema ni nani aliyetukataza kukitazama kitambaa."

Jana kaka alikuja na daftari lake, akanikalisha anieleze mambo mapya. Akasema, "Wewe ndiye pekee unayenielewa, utanisaidia kuwafundisha wenzako." Nikamjibu sawa, kaka.

Barua inapelekwa Jumatatu. Nikisaini, atajua kwamba siku aliyolia kwa furaha nilimdanganya. Nisiposaini, atayasikia kwa wenzangu, na kamati ikiipuuza barua isiyo na jina la nahodha, naogopa kumpeleka mwenzetu mwingine Biharamulo akavunjwe. Nikimfuata leo nikamwambia kwa mdomo wangu, sijui kama atanitazama tena kama mdogo wake. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliolelewa na kaka au dada, nisaidieni mawazo. Nianzie wapi?