Sehemu ya Nne, na Uongo Niliotafsiri

Nakumbuka Jumapili moja hapa Matuu, mwanangu, jua la saa nane likichoma, nilipomdanganya bibi yangu mbele ya watu zaidi ya hamsini. Nimekusikia tangu jana ukilalamika na wenzako kwamba sehemu mpya ya ile sinema yenu ya vita vya angani imewavunja moyo. Poleni. Keti basi, nikueleze yaliyonipata mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza kikinitoka kama maji ya mfereji. Mwenye ukumbi wa video pale sokoni akanipa maikrofoni, kazi yangu ikawa kutafsiri sinema kwa Kiswahili na Kikamba huku zikiendelea. Msichana kufanya kazi ile! Mama alinung'unika. Lakini Susu, ndiye bibi aliyenilea, akamwambia, "Mwache. Wengine wanakula kwa jembe, huyu atakula kwa mdomo."

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa sinema ya Kapteni, rubani aliyepigana na majitu ya chuma kutoka nyota nyingine ili amwokoe binti yake. Zilikuwa sehemu tatu. Susu hakuwahi kuziona. Nilimsimulia tu tukimenya mbaazi, mchana baada ya mchana. Kapteni akipigwa, Susu anashika kifua. Kapteni akishinda, anapiga kigelegele mpaka kuku wanatawanyika uani. Kwa hiyo niliposikia sehemu ya nne inakuja, nilimwambia, "Susu, hii lazima uione kwa macho yako. Hii itazidi zote."

Nami sikuwa nimeona hata picha yake moja! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini ujana, mwanangu, hudhani methali zilitungiwa watu wengine.

Binamu yangu Musyoka alikuwa akifanya kazi Thika, na huko alikuwa ameshaiona. Ijumaa alikuja nyumbani, akanivuta kando.

"Dada, usimpeleke Susu. Ile kitu ni mbaya. Kapteni mwenyewe..."

"Nyamaza!" nikamkata. "Ni wivu tu. Wewe nani amewahi kukupa maikrofoni?"

Aliniangalia, akachukua koti lake, akaondoka hata chai hajanywa. Na mimi niliona nimeshinda.

Jumapili, Susu alitoka kanisani akaja moja kwa moja na gauni lake la ibada, akaketi benchi la mbele kabisa. Nikatangaza kwa mbwembwe kwamba Matuu haijawahi kuona jambo kama hili. Jenereta ikanguruma.

Hata dakika kumi hazikuisha, Kapteni akafa. Si vitani, mwanangu. Mlango wa chombo chake mwenyewe ulifunguka kwa bahati mbaya, akaanguka. Basi! Mtu aliyeshinda majitu ya chuma mara tatu, ameuawa na mlango. Nilipigwa na butwaa. Watu wote wale wakanigeukia niwaambie wanachokiona ni nini.

Kumbe ukweli ulikuwa neno moja tu. Mimi nikasema, "Msijali! Kapteni amelala. Amepewa dawa ya usingizi. Ataamka."

Pale pale picha ikaonyesha jeneza likishushwa kaburini, askari wamevua kofia.

Susu akauliza kwa sauti, "Mbona wanamfukia, basi?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nami badala ya kukoma nikaongeza, "Hapana Susu, hilo ni jeneza tupu, wanawategea maadui..." Susu alisimama, akajifunga leso yake, akatoka nje.

Nilitupa maikrofoni nikamfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta. Nilidhani amekasirikia sinema.

"Babu yako alipofia kazini Mombasa," akasema, "waliokuja kuniona walikuwa wanajua. Wakaniambia anaumwa kidogo, ataamka. Siku nne nilifua nguo zake nikazipiga pasi, nikimngoja. Kijiji kizima kilijua. Mimi peke yangu sikujua."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ile.

"Sinema mbaya si kosa lako," akaendelea. "Walioitengeneza hata hawakujui. Lakini macho yangu yameona mazishi, na wewe, mjukuu wangu, umeniambia sioni."

Mwanangu, kifo cha Kapteni kilinishtua, lakini maneno yale yalinivua nguo. Nilirudi ndani nikaokota maikrofoni. "Ndugu zangu, Kapteni amekufa kweli. Sinema hii niliisifu kabla sijaiona. Nisameheni." Wengine walipiga mbinja, wengine wakatoka, mwenye ukumbi akanikunjia uso. Iliyobaki niliitafsiri ilivyo, na ubovu wake wote.

Wiki hiyo nilikwenda Thika kumwomba Musyoka msamaha. Aliniacha nisubiri mpaka alipomaliza kazi, kisha akasema, "Nilitaka tu kukuambia ni mlango uliomuua!" Tukacheka mpaka machozi. Susu, yeye, hakutaja sinema mwezi mzima. Halafu mchana mmoja akauliza, "Na yule binti, aliishia wapi?" Nikamweleza ukweli, kwamba aliishia pabaya na bila maana yoyote. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Basi kwangu mimi hadithi iliishia sehemu ya tatu."

Sikia basi, mwanangu. Kitu kilichokupendeza jana kishukuru, lakini usikidhamini cha leo kabla hujakiona, kiwe sinema, kiwe rafiki, kiwe kiongozi. Anayekuonya mapema humpendi wakati ule, ila msikilize amalize sentensi yake. Na likikuvunja moyo jambo ulilolisifu, sema limekuvunja moyo. Aibu ya kukosea hupita kama mvua ya rasharasha, lakini mtu uliyemnyima ukweli hubaki na jeraha usilolijua. Usiwahi kumfariji mtu kwa kumwambia haoni anachokiona.

Mungu akuzungushie watu wa kukuambia kweli ingali moto, akupe kifua cha kuipokea, na kila atakayekutegemea akute neno lako limesimama. Nenda kwa amani, mwanangu, ukue uwapite waliokuzaa.