Samaki wa Siku Tatu

Mama mkwe wangu alinipa mpaka Jumamosi. Siku hiyo angekuja Moshono kumchukua binti yangu wa miaka minne, ampandishe kwao Oldonyosambu, achinjiwe kondoo, anyweshwe mafuta na supu ya magome mpaka samaki amtoke mwilini. Daktari alikuwa amesema kinyume: dawa za miti asipewe hata tone, presha ipimwe kila wiki, kwa sababu figo zake zote mbili zimejaa vifuko vya maji. Mume wangu alimsikia daktari, akamsikia mama yake, kisha akainamia simu.

Hilo la samaki nilieleze. Waarusha wa upande ule wa Mlima Meru, wazee wao hawali samaki. Kwao samaki ni nyoka aliyezoea maji. Mimi ni Mmeru, kwetu tunakula. Tena nafanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja, kazi yangu ni kutunza samaki, na niliifanya mpaka mimba ya binti huyu ilipofika miezi minane.

"Mtu anayeshinda ameshika nyoka wa majini," mama mkwe alisema mbele ya wageni, mimi nimesimama na chupa ya chai mkononi, "mlitaka azae nini? Mbuzi?"

Wageni wakacheka. Nilirudi jikoni nikaimwaga chai yote. Wakanywe kwao.

Samaki wenyewe ni wadogo, urefu wa njiti ya kiberiti, wana mistari ya bluu ubavuni. Maji yao yanachujwa mara mbili, eti maji yetu ya mlimani yana floraidi nyingi, yatawadhuru. Ndiyo maji hayohayo yaliyonitia meno ya kahawia tangu darasa la pili. Mimi hakuna aliyenichujia. Kila nikibadilisha kichujio nalikumbuka hilo.

Asubuhi taa zikiwaka naondoa kizuizi kati ya madume na majike. Muda si mrefu mayai yanaanguka chini ya wavu. Nayakusanya, nayagawa kwenye visahani vya kioo, nayafunika. Siku ya pili moyo unadunda. Miili yao haina rangi, ni kama maji yaliyoamua kuwa na umbo. Ukiwatazama kwenye hadubini unaiona damu ikikimbia, unaona jicho likigeuka. Wamejaa kisahani kizima, mioyo yote inadunda, na chumba hakina sauti hata moja. Nimefanya kazi ile miaka sita na bado naacha mlango wazi.

Visahani vyenye mfuniko mwekundu ni vya dada mtafiti. Yeye huyachoma mayai sindano yakiwa bado ni seli moja, sindano ya dawa inayozuia protini fulani isitengenezwe. Kidato cha nne niliandika kwenye mtihani kwamba protini hujenga mwili, nikapewa alama zangu. Hakuna mwalimu aliyesema kuwa zinajenga kwa kuamuru: hapa panuka, hapa koma. Samaki wa mfuniko mwekundu hawakuwa na wa kuwaambia wakome. Siku ya tatu mkia umejikunja, na nyuma ya macho, zilipo figo, pamevimba mapovu mawili maangavu.

Nilikuwa nimewaona miaka yote hiyo na sikujali. Kisha binti yangu akakojoa damu, tukaenda hospitali, wakampitishia kile kipimo cha tumboni, nikayaona mapovu yaleyale kwenye skrini. Kesho yake niliinua mfuniko mwekundu. Wote walikuwa wamelala ubavu, jicho moja juu.

Hili sikumwambia mtu: nilianza kuamini maneno ya mama mkwe. Nilinawa mpaka vidole vikapasuka. Nikimwogesha mtoto nilihisi ubaridi wa kisahani unatoka kwangu unaingia kwake. Nikamchukia mama mkwe zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anasema kitu nilichokuwa nakisema mwenyewe.

Alhamisi nikampigia. "Shikamoo mama. Kabla hujamchukua mtoto, njoo uwaone hao nyoka."

"Marahaba. Unadhani nawaogopa?"

Ijumaa alikuja na shuka lake na fimbo. Dada mtafiti akamvalisha koti jeupe.

"Mmenifanya daktari," akasema. "Haya, nani ana jino nimng'oe?"

Tulianza na kisahani cha wazima. Aliinama kwenye hadubini, akafumba jicho silo, akalifumbua, akafumba lile jingine.

"Ananiangalia."

"Anaangalia taa, bibi," dada mtafiti akasema. "Ana siku tatu."

"Siku tatu ana moyo?" Akasogea karibu zaidi. "Mungu ana kazi."

Kisha mfuniko mwekundu. Aliinama tena, mikono yote miwili mezani.

"Huyu amevimba. Alilishwa nini?"

"Hajala kitu, bibi. Bado anaishi kwa kiini cha yai lake. Figo yake ni mrija tu, na protini moja ndiyo inayouambia mrija upana wake. Huyu hana. Na binadamu wapo wanaozaliwa protini kama hiyo ina hitilafu. Hurithi kwa baba au kwa mama."

"Kwa hiyo hajala samaki."

Dada mtafiti akacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa bado ameinama, ila mikono yake ilitoka kwenye meza, ikaenda ubavuni mwake mwenyewe, huku na huku, ikabonyeza polepole kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Marehemu baba wa wanangu alikuwa hivi," akasema. "Nilikuwa namwogesha. Hapa na hapa. Kama amefungiwa vibuyu viwili ndani ya ngozi. Akaniambia nisimwambie mtu. Na kaka yake vilevile."

"Walisema alirogwa na jirani," nikasema. "Kwa ajili ya ng'ombe. Mpaka leo hamsalimiani na watu wale."

"Hakuwahi kugusa samaki," akasema, macho bado kwenye hadubini. "Maisha yake yote."

Daktari alikuwa amemuuliza mume wangu, mimi nikiwa nimekaa hapohapo, kama kwao kuna mtu aliyeumwa figo. Alijibu hakuna. Hakudanganya, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mimi nikabeba mzigo huo, na mikono yangu ikapasuka kwa sabuni.

Jumamosi mama mkwe alifika Moshono kama alivyoahidi. Hakuja na kamba ya kondoo. Akamwambia mwanawe, "Vaa viatu." Mume wangu akauliza wanaenda wapi. "Yeyo," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mama, "mimi siumwi." Mama yake akambonyeza ubavu kwa vidole viwili, na nikauona uso wa mume wangu ukikunjamana.

Hospitali alilala kitandani, wakampaka ute wa baridi tumboni. Skrini ikajaa giza, na ndani ya giza mapovu. Binti yangu, nimempakata, akanyoosha kidole: "Koko, tazama, baba ana kama yangu."

Bibi yake, ndiye Koko wake, alikishika kidole kile. Alimgeukia daktari. "Nina wengine wanne. Niwalete lini?"

Hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijamsamehe. Ila mtoto halali Oldonyosambu, na presha inapimwa kila wiki. Wiki iliyofuata tuliwakuta kwenye benchi la hospitali, watu wazima wanne wa tumbo moja, wamepangwa kwa umri. Kila mmoja alikuwa ameweka mkono ubavuni, wala hakuna aliyejua kwamba ameuweka.