Chenga Hupewa Nani?

Majira ya baridi ya Stockholm yana uchafu wake, na uchafu wenyewe ni changarawe. Barafu ikishika njia, magari hupita yakimwaga vijiwe vidogo vyenye makali ili watu wasiteleze, na vijiwe hivyo hung'ang'ania soli za viatu mpaka ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nikisafisha ofisi za watu mjini, halafu narudi nyumbani Alby kukuta changarawe mlangoni kwangu mwenyewe. Nilikuwa nagomba, jamani. Majirani wa chini walijua nimefika kwa kusikia sauti yangu na ufagio.

Mwaka ninaousema, miaka ya elfu mbili na kumi ikiwa ndiyo imeanza kuzoeleka, niliyekuwa namgombeza ni binti wa marehemu dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba, mpole, viatu vyake vimejaa vijiwe kila siku. Kwetu mtoto wa dada ni wako, kwa hiyo nilimwita mwanangu, naye akaniita mama mdogo. Mimi na dada tulizaliwa Uvira, upande wa Kongo. Vita vilipotutawanya, dada alivuka ziwa na huyo mtoto mgongoni, akaishia kambi ya wakimbizi Kigoma, na humo ndimo alimofia. Mimi nilipata bahati ya kuletwa huku. Binti alinifuata baada ya miaka, kwa njia zake, na njia hizo sizisemi.

Shida ilikuwa mdomo wake. Akisema neno moja tu, kilitoka Kiswahili cha Kigoma kitupu, maana ndiko alikokulia. Wakubwa wa uhamiaji waliokuwa wakiamua habari zake wakaingiwa na shaka: huenda ni Mtanzania aliyeazima hadithi ya Wakongo. Wakasema atawekwa kwenye simu na mtu wa kwetu, aulizwe maisha ya nyumbani, na mtu huyo apime kama kweli anatokea kule. Akishindwa, anarudishwa. Kurudishwa wapi, na kwa nani? Mama yake yuko kaburini, na baba hatukujua alipo. Nilikuwa nalala na roho mkononi.

Habari ilipofika kanisani kwetu Hjulsta, kila mtu akageuka mwalimu. Baada ya ibada, vikombe vya kahawa mkononi, walimzunguka. Sema bukari, usiseme ugali. Taja soko, taja mto, taja mlima. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia mwacha asili ni mtumwa, kama vile mtoto aliiacha kwa miguu yake mwenyewe. Nilitaka kumjibu, lakini ni mzee, nikameza. Mama mmoja Mrundi alisema taratibu kwamba mwacheni mtoto aseme ya kwake. Tulimtazama kwa jicho moja tu, akarudi kwenye kahawa yake. Nani alimuuliza Mrundi habari za Uvira? Tukaendelea kumfundisha Mkongo kuwa Mkongo.

Nyumbani nikashika usukani. Waswidi wana neno gryn, na kila nafaka iliyovunjwavunjwa wanaiita hivyo: ya shayiri, ya mchele, ya ngano wanayowapikia watoto uji. Hata mtoto wanayempenda, bibi zao humwita gryn ya moyo. Ya mahindi ni ya njano, na unga mweupe ukikosekana ndiyo tuliyosongea ugali, unatafuna huku unasikia punje. Kwetu hizo ni chenga, zile zinazobaki juu ya chekeche unga laini ukishapita. Nikamwaga pakiti nzima kwenye sinia na kuanza somo. Mahindi hutwangwa kwenye kinu, unga ni wa watu, chenga ni za kuku, na akina mama wengine huzitia kwenye pombe.

Nilimuuliza nikimenya vitunguu, nikimuuliza tena tukikunja nguo: chenga hupewa nani? Kuku, alijibu. Kwa sauti, nikamwambia, bila kufikiri. Kuku. Siku moja akaniuliza kama hakuna kuku je. Nikamjibu kwamba kwetu kuku hawakosekani, na asiniharibie somo. Akaendelea kuchezea zile chenga kwa kidole.

Siku ya mahojiano barafu ilikuwa mbaya, tukatembea tumeshikana kama vikongwe. Mwanasheria wake, mama mmoja wa Kiswidi, alikuwa ameniombea niruhusiwe kukaa chumbani kwa sharti moja, nifunge mdomo. Wanaonijua wanajua hilo lilikuwa sharti zito. Nikakaa kwenye kiti cha ukutani, mikono nimeikalia.

Simu ikawekwa mezani, ikatoka sauti ya mwanaume. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, hata nikaona huruma kwamba siwezi kumsalimu. Alianza na habari ndogondogo, kisha akauliza chakula cha nyumbani. Binti akatiririka: bukari, kinu, mchi, ungo, yote kama tulivyompanga. Kichwani nikawa napiga makofi. Ndipo yule bwana akauliza, kwa upole tu, mchi wa kwao ulikuwa wa mti gani.

Hatukumfundisha mti. Kanisa zima, vikombe vyote vile vya kahawa, hakuna aliyekumbuka mti.

Bwana akauliza kama amewahi kutwanga. Binti akageuka kunitazama, na mimi nikasaga meno mpaka taya likauma, maana hata kukonyeza sikuruhusiwa.

"Hapana," akasema. "Sijawahi kushika mchi. Habari za kinu nimefundishwa na mama mdogo."

Kalamu ya mwanasheria ikasimama. Mimi nikaona ndege inaruka na mwanangu ndani yake. Nilimkasirikia, nisidanganye, nilimkasirikia kiasi cha kutaka kumvuta sikio palepale.

"Basi niambie unachokijua wewe," ile sauti ikasema.

Akaanza polepole. Akasema kambini walikuwa wanapewa unga wa mgao, wa njano, wenyeji wakiuita yanga. Mama yake aliuchekecha hata kama hauhitaji kuchekechwa. Ule laini aliwapikia wagonjwa wa majirani, na chenga walikula wao wawili. Kuku hawakuwepo. Bwana akauliza kama mama alikuwa na jambo lolote alilolifanya akichekecha, wimbo au maneno.

"Wimbo hapana. Lakini kabla ya kupika alikuwa anachota kiganja cha chenga, anatupa nyuma yake mlangoni. Nikawa namwambia mama, hicho si chakula? Akasema hata yeye hajui sababu, ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya."

Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona mama yangu mzazi, amechuchumaa mlangoni Uvira, akirusha bila kutazama, na kuku wakija mbio. Mimi nilikuwa nimesahau. Miaka yote ya kufagia nilikuwa nimesahau kabisa, na sikumfundisha hilo, wala mtu yeyote kanisani hakumfundisha. Machozi yalinitoka na sikuwa na ruhusa hata ya kupenga kamasi.

"Mkono gani?" ile sauti ikauliza.

"Wa kushoto. Na hageuki nyuma."

Bwana akasema asante, akaendelea kuuliza habari za shule na za ziwa, sauti ileile, hakuna aliyeweza kujua kama ameguswa au la. Tukatoka hatujui lolote. Kwenye treni binti aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa karibu na ulimi, kisha nikamshika mkono mpaka tukashuka Alby.

Tulingoja mpaka barafu ikaanza kuyeyuka. Nilikuwa kazini, nasukuma kigari cha ndoo, mwanasheria aliponipigia. Alikuwa ameshazungumza na binti. Maneno ya Kiswidi niliyoyasikia vizuri ni mawili tu, kwamba anabaki. Niliketi kwenye ngazi za watu na nguo zangu za kazi, nikalia kwa sauti.

Nilipofika nyumbani nilisukuma mlango, na kitu kikasagika chini ya kiatu. Changarawe tena, nikasema moyoni, hata leo. Nikainama kuziokota. Zilikuwa za njano. Binti alikuwa jikoni amenipa mgongo, sufuria iko motoni, pakiti imefunguliwa kando yake.

"Nitafagia, mama mdogo," akasema bila kugeuka.

"Thubutu," nikamwambia. "Thubutu uone."