Moto Iko Inje

Tangu afunge duka la vitenge aliloachiwa na baba yake, Mudathiru anabeba watu kwa pikipiki mjini Gisenyi. Amebeba walevi, maharusi, hata mbuzi, na hakuna abiria aliyemtia hofu mpaka alipofika kutoka Kigoma shangazi wa Nadra, msichana aliyemposa. Nadra, fundi cherehani, hana wazazi. Jibu la posa lilikuwa mikononi mwa shangazi huyo, naye alisema atautembelea mji kwanza, ndipo atoe jibu.

Jioni aliyofika aliuona mlima wa volkano upande wa Goma, kilele chake chekundu chini ya mawingu.

"Na nyinyi mnalala?" aliuliza.

Wenyeji hulala. Ndoto zao ni jambo jingine.

Asubuhi Mudathiru aliiosha pikipiki ikang'aa, akaenda nayo mlangoni kwa Nadra. Gisenyi pikipiki huitwa moto, na yeye hajawahi kuiita vingine. Akapaza sauti kwa furaha:

"Shangazi! Moto iko hapa inje! Tokeya mbiyo, tuende!"

Ndani kitu kikaanguka. Mlango ukafunguka kwa kishindo, shangazi akachomoka na kiatu kimoja, amekumbatia mkoba na birika.

"Nadra, toka! Mlima umepasuka!"

Akampita Mudathiru, akashika njia ya ziwani.

Jirani yao Verediane, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ni pikipiki tu! Hiyo birika unataka kuzimisha nayo volkano?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mudathiru aliona posa yake ikiteremka mbio na yule mama. Akamfuata kwa miguu, kiatu cha pili mkononi.

"Unisamehe, Shangazi. Mi niliita mubaya. Huku pikipiki tunaita moto."

Mama alihema, akautazama mlima uliotulia ndani ya ukungu wake.

"Wenzako wote wanacheka. Wewe mbona hucheki?"

"Mi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Jibu yako."

Hapo ndipo shangazi alipocheka, akashika ukuta wa nyumba ya watu asianguke.

Alivaa kofia ya pikipiki juu ya ushungi, wakafuata ufuo. Walipita nyumba za kale za enzi ya ukoloni, nyingine rangi imezitoka, maua yamepanda mapaa. Huko Nyamyumba, maji ya moto yanapobubujika kando ya ziwa, aliketi juu ya jiwe akatumbukiza miguu. Wavuvi walikuwa wakianika nyavu. Kivu ilinyamaza, pana na ya buluu, kama haijawahi kusikia habari ya milima. Mudathiru alisimama kando, akiusokota mkanda wa kofia yake.

"Hivi," alisema mama bila kugeuka, "nikija kulea mtoto wa Nadra, mtanilaza wapi?"

Mudathiru alisahau kuvuta pumzi. "Chumba ya mbele ya nyumba tutajenga, Shangazi! Ile itaangalia ziwa."

"Basi mweke dirisha pana."