Nguo Nyeusi za Idah Gathoni

Idah Gathoni alianza kuvaa nyeusi kwa sababu ya kicheko. Alipoajiriwa Nairobi, ametoka chuoni juzi, alifika kazini na gauni la maua ya manjano ambalo mamake alimshonea nyumbani kwao Kamenu, mabega yamejazwa sponji kama ilivyokuwa fasheni. Wasanifu majengo wenzake walikuwa wamevaa nyeusi tupu, na miwani ya fremu nene.

"Umetuletea maua?" mmoja akamuuliza. Wakacheka.

Kesho yake Idah alivaa nyeusi, na gauni likaingia kwenye sanduku la bati.

Huo ni ujinga wa watu waliosoma. Anayewachorea watu nyumba anapaswa kuvaa akimfikiria yule atakayemfungulia mlango, si wenzake wa ofisini. Lakini Idah hakuliona hilo. Hata alipofungua ofisi yake mwenyewe Thika, na vumbi la saruji likawa linamtia madoa kama aliyetoka kusaga unga, alijipangusa akaendelea. Alijiona nadhifu.

Ndipo akapata kazi ya Mama Nafuna, kule Mwiki. Mumewe, Mzee Dismas, alikuwa amepooza miguu baada ya kiharusi, na chumba chao kilikuwa ghorofani. Kila alipotaka kuota jua, wanawe walimbeba ngazini kama gunia. Idah aliitwa achore chumba cha chini chenye mlango mpana na mteremko wa kiti cha magurudumu. Aliipenda kazi ile kuliko majumba yote ya fahari aliyowahi kuchora, maana babake mwenyewe alimaliza maisha yake akiwa amekwama ghorofani, hawezi kushuka ngazi.

Siku ya kwanza alimkuta mzee amesinzia. Hakutaka kumwamsha. Alitoa tepu, akapima kitanda, kisha akampima na mzee mwenyewe, kichwa hadi vidole vya miguu, apate kujua atahitaji nafasi gani ya kugeukia. Aliandika, akamuaga Mama Nafuna aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akaondoka.

Jioni Mama Nafuna akapiga simu. "Usirudi kwangu," akasema, akakata.

Idah hakulala vizuri. Asubuhi alijipanga, nyeusi juu mpaka chini, akaenda kuuliza kosa lake. Mama Nafuna alimkuta getini, akashika kiuno.

"Na umerudi nayo hiyo nguo!"

"Mama, nimekosa nini?"

"Unaniuliza? Mgonjwa amelala, hasemi. Mtu anaingia amevaa nyeusi yote, hacheki, anamnyoshea kamba kichwani mpaka miguuni, anaandika. Wewe ungedhani anapimiwa nini? Kitanda?"

"Ngai! Mungu wangu!" Idah akashika mdomo.

Kutoka dirisha la juu sauti nzito ikashuka. "Mama Nafuna, mwachilie huyo mtoto! Kama ni jeneza, angeniuliza kwanza ninataka mbao gani!"

"Wewe nyamaza huko, Baba!" Mama Nafuna akamjibu bila kugeuka, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kulegea. Akamkazia Idah macho. "Chumba nakitaka. Huyu mzee amechoka kubebwa. Lakini hapa hutaingia hivyo. Rudi umevaa kama mtu anayekuja kwa watu walio hai."

Idah alirudi Kamenu akiwa na haya, na chini ya haya kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitambua upesi. Alifungua sanduku la bati. Maua yalikuwa yamefifia kidogo tu. Fundi wa cherehani wa jirani alilifumua gauni ubavuni, akaongeza kitambaa, akang'oa sponji za mabega huku akicheka, "Madam, hizi ulikuwa unabebea nini?" Idah akacheka pia. Alipojitazama kwenye kioo aliona mwili umenenepa na uso umekomaa, lakini alimtambua aliyesimama pale. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana mchana kutwa.

Mama Nafuna alifungua geti kabla Idah hajabisha. Alimtazama juu, akamtazama chini.

"Sasa karibu," akasema.

Safari hii mzee alikuwa macho, ameketishwa kwenye mto. "Eeh, huyu ndiye anaweza kunijengea," akasema. "Yule wa juzi nilimsikia, nikajifanya nimelala. Nilidhani nikiamka atanichukua."

"Mzee, nisamehe. Leo nitakuambia kila ninachopima."

Alipima akisema kwa sauti: huu ni upana wa mabega, hapa kiti kitageuka, mlango utatosha. Mama Nafuna alishika ncha ya pili ya tepu mwenyewe, hakumwachia mtu, na kila walipomaliza kipimo alikirudia kwa sauti kubwa ili mumewe asikie.

Nguo zake nyeusi Idah alizigawa. Alibakiza moja, akaitundika nyuma kabisa ya kabati, ya kwendea mazishini.